Kusimulia kwa picha saba: pweza wa Msangamkuu

Mimi ni mpiga picha wa harusi na mahafali, hapa Mtwara mjini. Kwenye harusi hadithi huwa imeshasimuliwa kabla sijafungua kamera: kuna kupambwa, kuna nikahi, kuna keki, kuna shangazi anayetunza noti mpaka pochi inabaki tupu. Atakayeishika albamu alikuwepo, au dada yake alikuwepo, na picha zinamkumbusha tu. Hata ukizichanganya, mwenyewe atazipanga kichwani.

Kisha watu wa mradi fulani wakanipigia simu. Walitaka picha saba za kutundika ukutani, ili mgeni akipita aelewe maisha ya akina mama wanaochokoa pweza kule Msangamkuu. Ukumbi hauna skrini na umeme wake ni wa kubahatisha, kwa hiyo video haikuwa kwenye mazungumzo. Tulipatana bei kwa hesabu ya picha, na hasara yangu ilianzia hapo. Ukiitwa kwenye kazi ya namna hii, toza kwa siku: siku ya kwenda kuomba ruhusa, siku za kupiga, siku za kuchagua. Kupiga ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Kuchagua kulinikosesha usingizi, na hakuna aliyekuwa ananilipa kwa hilo.

Wenzangu wa kazi waliniuliza kwa nini nihangaike na picha mnato zama hizi ambapo kila simu inarekodi video. Video ina saa yake, inakuburuta. Kwenye picha mnato mwenye saa ni mtazamaji: anasimama anapotaka, anarudi nyuma, anaruka. Halafu kati ya picha moja na nyingine pana pengo, na pengo hilo analijaza mwenyewe. Tuliokua tunagombania nakala za jarida la katuni la Sani tunaujua mchezo huu: kwenye kisanduku kimoja jamaa kainua mguu juu ya ganda la ndizi, kwenye kinachofuata yuko chini miguu juu. Hakuna aliyekuchorea akianguka. Umemwona akianguka wewe, na ndiyo maana umecheka. Tangu nilipolielewa hilo, nikitazama picha mbili zilizo jirani huwa najiuliza mtu atawaza nini katikati. Kama hawazi kitu, moja kati ya hizo inatoka.

Msangamkuu iko ng'ambo ya ghuba. Unavuka kwa kivuko ukitokea mjini. Safari ya kwanza nilivuka bila kamera, na hilo namshauri kila mtu. Mgeni mwenye kamera shingoni ameshajibiwa kabla hajasalimia. Nilianzia ofisi ya kijiji kwa mtendaji na mwenyekiti, nikapelekwa kwa watu wa BMU wanaosimamia mambo ya bahari pale kijijini, na mwisho kwa wenye kazi yao. (Ukiamua kuelekea upande wa Msimbati, jua kwamba unaingia kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Huko ulizia mapema utaratibu wa vibali, usije ukarudishwa umeshalipa nauli.)

Akina mama walikuwa wamekaa kwenye kivuli wakisuka ukili. Mkubwa wao, bibi mmoja mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha, aliitikia shikamoo yangu kisha akaingia moja kwa moja kwenye jambo.

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kutupiga picha tumelowa?"

Wenzake walicheka, ila swali halikuwa la mzaha. Mtu anayechokoa pweza anainama nusu ya muda wake, na kanga iliyolowa inashika mwili. Walishapigwa picha na wapita njia na hawakujua zilikwenda wapi. Tukakaa tukapatana: simpigi mtu kwa nyuma akiwa ameinama, kabla sijaondoka kila aliyepigwa anaonyeshwa kwenye kioo cha kamera, akisema futa, nafuta mbele yake. Nikaandika karatasi ya nusu ukurasa kwa Kiswahili cha kawaida: picha ni za nini, zitatundikwa wapi, kwa muda gani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, karatasi ile ilikuja kuniokoa baadaye kwa namna ambayo sikuitarajia, nitaeleza.

Masharti yale niliyaona kama kamba shingoni. Kumbe ndiyo yaliyonipa mtazamo wa kazi nzima, kwa sababu ukikatazwa kupiga kwa nyuma unalazimika kuzunguka mbele, na mbele ndiko kuliko na mikono, macho na kazi yenyewe.

Sasa maji. Anayetaka kupiga picha baharini aanze na mwezi, kamera baadaye. Pwani yetu, siku za bamvua, yaani siku moja mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, maji hujaa sana majira ya saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa majira ya saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Akina mama hawa wanautoka ufuko maji yanapoanza kukimbia na wanageuka yanapogeuka. Kazi yote ina saa chache, basi. Kila fundi wa picha anakufundisha upige alfajiri au jioni, jua likiwa chini na mwanga laini. Jua likiwa chini siku ya bamvua, mwamba wote uko chini ya maji. Siku za maji mafu, maji yanapwa jioni na mwanga ni wa kupendeza kweli, ila hayapwi vya kutosha, mwamba hauonekani na hakuna mtu anayehangaika kwenda. Bahari imepanga kwamba pweza wa bamvua atachokolewa juani.

Kwa hiyo ni saa nne, jua la Mtwara, mchanga mweupe, maji yanayong'aa, na sura nyeusi chini ya ndoo au kanga iliyofungwa kichwani. Picha za mwanzo zilitoka sura giza tupu na anga kama karatasi. Yaliyonisaidia ni haya. Mtu akisimama kwenye mchanga mweupe au maji ya kifundoni, chini kunarudisha mwanga juu, usoni. Akiwa juu ya mwani mweusi, huo mwanga haupo. Nilikuwa nasubiri wapite penye mchanga ndipo napiga sura. Kwa anayetumia simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo ushikilie mpaka ijifunge hapo, kisha shusha mwanga kidogo kwa kidole. Sehemu iliyoungua kwa weupe hairudi, iliyo giza unaweza kuivuta baadaye. Na ule mng'ao juu ya maji unaokuzuia kuona chini, unakatwa na kioo cha polaroidi. Kama huna, miwani ya jua ya polaroidi iweke mbele ya lenzi ya simu uizungushe taratibu. Utaona maji yanafunguka na tundu la pweza linajitokeza. Nilidhani ni uongo wa mtandaoni mpaka nilipojaribu.

Kuhusu chumvi nitasema kidogo. Vumbi la maji linajenga ukungu kwenye lenzi bila wewe kujua, na picha za nusu ya pili ya asubuhi moja zote zilikuwa na utandu. Beba kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya kunywa na kingine kikavu. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo kamera yangu ilisafiri ndani ya kontena la kuhifadhia wali lenye mfuniko wa kubana. Abiria wenzangu kivukoni waliniuliza nimebeba nini cha mboga.

Bibi yule hatafuti tundu. Mwambani matundu yako maelfu. Anatafuta uchafu: magamba ya kaa yaliyovunjika, makombe yaliyofunguliwa, vijiwe vimesogezwa mlangoni kama vile kuna mtu amefagia. Pweza akimaliza kula hutupa mabaki nje, kwa hiyo mwenye nyumba anajitaja mwenyewe. Bibi anaingiza fimbo ya chuma polepole, anasubiri, anaitingisha kidogo, anasubiri tena. Kisha mkono wake unaacha kucheza. Hapo najua pweza ameshika. Minyiri inatoka mmoja mmoja, inajizungusha kwenye fimbo, inapanda kwenye kifundo cha mkono, na wino unatoka ghafla maji yanakuwa meusi. Akimbandua mkononi, vikombe vyake vinaacha alama za duara kwenye ngozi, mstari mzima, vikubwa kwenda vidogo. Zinakaa kitambo kabla ya kufifia.

Nilipiga picha ya mlango wa pweza kwa mapenzi yote: kaa aliyevunjika, vijiwe, tundu. Nilipowaonyesha watu mjini, hakuna aliyeona chochote. "Mawe," alisema mmoja. Picha ambayo inasomeka kwa anayejua peke yake haifai kuwa ya pili kwenye hadithi, labda iwe ya mwisho, mtu akiwa ameshafundishwa na zilizotangulia. Nilirudi nikaipiga upya fimbo ikiwa imeingia na mkono ukionekana mpaka kiwiko. Mawe yaleyale, ila sasa yana swali: kuna nini humo ndani?

Kuna jambo la mwelekeo ambalo kwenye harusi halinisumbui hata siku moja. Sisi tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, na ukutani tunatembea hivyohivyo. Picha yangu ya kwanza, wanawake wakienda mwambani, walikuwa wanaelekea kulia. Ya sita, wakirudi na maji yakiwa magotini, nao wanaelekea kulia. Jirani yangu akauliza, "Bado hawajafika tu?" Wanaokwenda waelekee upande mmoja, wanaorudi waelekee mwingine, mtazamaji hatajua kwa nini ameelewa, lakini ataelewa. Suluhisho la mvivu ni kuigeuza picha kwa kompyuta, kushoto kuwe kulia. Nililijaribu. Maandishi ya kanga yakasomeka kinyumenyume! Nikaifuta palepale, na nashukuru kanga ile ilikuwa na jina, vinginevyo ningeuweka ukutani uongo ambao wenyewe wangeugundua kwa kutazama tu ndoo iko bega gani. Nilingoja bamvua jingine, nikasimama upande wa pili wa njia yao.

Na kwa kuwa tumeitaja kanga: maandishi yoyote ndani ya picha yanasomwa kwanza, kabla ya uso, kabla ya kazi. Mama mmoja alikuwa amejifunga kanga ya "Mvumilivu hula mbivu". Picha nzuri mno, anacheka, pweza mkononi. Kila niliyemwonyesha alisoma kanga, akatikisa kichwa kwa huruma, akapita. Kanga ilikuwa imeshaisimulia hadithi, tena siyo hadithi yake. Picha ile haikuingia kwenye saba. Nilimsafishia nakala yake, nadhani anaipenda kuliko zote zilizoingia.

Kazi ya kuchagua niliifanyia kwenye mkeka, nyumbani Chikongola. Nilichapisha picha kama arobaini kwenye karatasi za kawaida, nyeusi na nyeupe, shilingi 200 ukurasa kwenye steshenari ya jirani. Usichague kwenye simu. Kwenye simu picha inakuja peke yake, na ukiitazama peke yake kila picha ina sababu ya kubaki. Kwenye mkeka unaona tatu zinasema kitu kimoja. Rangi nayo ikiondoka, unaacha kudanganywa na bluu ya bahari.

Kisha nikamwita jirani yangu, mama anayekaanga mihogo, mwenyeji wa Masasi ambaye bahari anaijua kwa jina. Sheria ilikuwa moja, namwekea picha, naye ndiye anayesimulia. Mimi sifungui mdomo. Hili ni gumu kuliko linavyosikika. Unatamani kusema "siyo hivyo, pale alikuwa..." Nyamaza. Ukutani hutakuwepo.

Nilikuwa na picha ya uso wa bibi akitazama baharini, haina tabasamu wala huzuni, jicho limekunjwa kwa jua. Nikaiweka baada ya picha ya ndoo yenye maji tu. Jirani akasema, "Masikini, leo amekosa." Nikaiondoa, nikaiweka baada ya mkono wenye alama za pweza. "Anaumia huyu, ila hasemi." Nikaiweka baada ya picha pana ya maji yakirudi juu ya mwamba, wenzake wadogo kabisa kwa mbali. Akanyamaza kidogo, halafu: "Anawahesabu." Sura ni ileile. Yapata miaka mia moja iliyopita Mrusi mmoja wa mambo ya sinema, Lev Kuleshov, alilionyesha jambo hili: uso mmoja wa mwigizaji, usio na dalili yoyote, akauunganisha na sahani ya supu, kisha na jeneza, na watazamaji wakaona njaa, wakaona majonzi. Nilikuwa nimelisoma hilo zamani, nikadhani ni habari za filamu. Nilipoliona linatokea mkekani kwangu nilipata hofu kidogo, maana ina maana kwamba kwa kuhamisha karatasi moja ninaweza kumfanya bibi wa watu kuwa chochote ninachotaka.

Na ndicho nilichoombwa. Watu wa mradi walipoona rasimu walitaka uso uje baada ya ndoo tupu. "Itagusa zaidi," waliniambia. Ndoo ile ilikuwa tupu kwa sababu ilikuwa asubuhi, ndiyo kwanza wanaingia! Tulivutana kwa simu mpaka salio likaisha upande wangu. Niliwaambia picha zote mbili ni za kweli, ila zikikaa pamoja zinasema uongo, na mwenye sura yupo ng'ambo tu, atakuja kuuona ukuta. Walikubali kwa shingo upande. Ukiwa na mvutano kama huu, usijitetee kwa sanaa, hawataki kujua. Taja mtu na taja siku. Ndiyo lugha inayosikika ofisini.

Kabla ya kusafisha kubwa nilizirudisha rasimu Msangamkuu. Wakati huo hadithi yangu ilikuwa hivi: mwamba mpana na wanawake wakienda, fimbo tundoni, minyiri mkononi, maji yakirudi, uso wa bibi, kurudi na ndoo, na ya mwisho kikombe cha supu ya pweza mjini usiku, mvuke unapanda, mkono wa kijana umekishika. Nilikuwa naipenda sana hiyo ya kikombe. Akina mama wakazipitia wakipokezana. Walicheka kwa majina ya wenzao, wakabishana huyu ni nani kwa mbali, wakasifu. Bibi akarudia kuzitazama ya sita na ya saba.

"Mjukuu wangu, pweza ametoka ndooni akaingia kikombeni?"

"Ndiyo bibi, ni mjini, jioni."

"Kapita wapi?"

Sikuwa na jibu. Alimaanisha mizani. Mchuuzi anakuja ufukoni na mizani yake ya kuning'iniza, na hapo ndipo siku nzima inapata thamani yake au inakosa. Kisheria pweza wa chini ya nusu kilo haruhusiwi kuvuliwa, kwa hiyo hata kabla ya bei, kuna macho yote kwenye ule mshale. Mimi nilikuwepo pale kila mara. Nilikuwa nakunja vifaa, nafuta lenzi, nawahi kivuko, kwa sababu kwa akili yangu uvuvi ulikuwa umekwisha. Kwao ulikuwa ndiyo unaanza. Jirani yangu wa mihogo asingeweza kuliona pengo lile. Yeye alinieleza kinachosomeka. Kinachokosekana alikiona mwenye maisha. Unawahitaji wote wawili, na usiwaite siku moja.

Bamvua lililofuata nilikaa mpaka mwisho. Picha ya mizani niliipiga kwa chini, nimepiga goti mchangani: pweza ananing'inia, minyiri inachora mistari ya maji, mshale uko katikati, na kuizunguka ni nyuso tano, hakuna hata mmoja anayetazama kamera wala pweza. Zote ziko kwenye mshale. Ili iingie ilibidi moja itoke, na iliyotoka ni maji yakirudi juu ya mwamba, picha nzuri kuliko zote kwa macho. Iliniuma. Lakini wakirudi na maji magotini, mtu ameshaelewa kwamba maji yamerudi. Uso wa bibi nikausogeza ukae mara tu baada ya mizani, kabla ya kikombe, na hapo jirani aliposimulia tena alisema, "Anapiga hesabu." Bibi mwenyewe nilipomwonyesha mpangilio huo alisema neno moja: "Eeh."

Maelezo chini ya picha niliandika mafupi, na sikuandika kinachoonekana. Chini ya mizani hakuna haja ya "akina mama wakipima pweza". Niliandika saa, na kwamba maji yatarudi mwambani saa ngapi kesho. Chini ya uso niliandika jina alilotaka liandikwe, yeye na siyo mimi aliyechagua.

Kusafisha kulikula robo ya malipo yangu. Mambo matatu ya haraka kwa atakayefuata. Simu na kompyuta zetu tunaziweka mwanga mkali, kwa hiyo picha ikichapishwa inatoka giza kuliko ulivyoiona. Punguza mwanga wa kioo hadi nusu ndipo urekebishe. Omba kipande cha majaribio, hata cha ukubwa wa kiganja, kabla ya kuruhusu zote saba. Bahari yangu ya kwanza ilitoka kijani cha majani ya mhogo. Na usitume picha studio kwa WhatsApp kama picha, itaminywa. Itume kama dokumenti au peleka kwenye flashi. Ukubwa wa A3 kwa nukta 300 kwa inchi unataka megapikseli 17 hivi, lakini picha ya ukutani mtu anaitazama akiwa hatua mbili, na zile mbili nilizopiga kwa simu ya megapikseli 12 hakuna aliyezitofautisha.

Siku ya maonyesho sikusimama karibu na ukuta. Nilikaa mlangoni nikawatazama watu miguu. Wengi walitembea, wakapunguza mwendo kwenye minyiri, wakasimama kwenye mizani, na baadhi walirudi hatua moja kutoka kwenye uso kuitazama mizani tena. Kurudi huko nyuma ndiko nilikokuwa nakutafuta. Mbele ya kikombe cha supu vijana walicheka kwa sababu zao wenyewe, kila mtu pwani anajua supu ya pweza inasifiwa kwa nini, na hilo nalo ni pengo ambalo hukupanga lijazwe hivyo. Nililiacha.

Wiki chache baadaye mradi uliniomba picha zote nilizopiga, "mzigo wote kwenye flashi", kwa matumizi ya baadaye. Ndipo ile karatasi ya nusu ukurasa ilipofanya kazi. Ilisema picha saba, ukumbi fulani, muda fulani. Niliwaandikia kwamba ruhusa ya zaidi ya hapo wakaiombe Msangamkuu, na nikawaelekeza kivuko. Malipo ya mwisho yalichelewa sana baada ya hapo, na hawajanipigia tena. Siku hizi mkataba wangu unasema nusu kabla, na unasema wazi kwamba zilizobaki ni za nani.

Picha zenyewe ziligawiwa kule ng'ambo. Mchuuzi aliwahi kuiomba ya mizani akaitundika kwenye banda lake, sijui kwa kujisifu au kuwatisha wateja. Akina mama walizipokea zao kwa adabu, wakazikunja vizuri, kisha bibi akasema sasa tumemaliza za kazi, tuanze za watu. Nikavuka siku ya maji mafu na pazia la studio, kila mmoja akatoka nyumbani kwake na kanga mpya, wanja na viatu, wakachagua pozi wenyewe, wakanirudisha nyuma mara kadhaa kwa sababu nilikuwa nimewasogelea mno. Bei ilikuwa ya mjini. Wanne walilipa taslimu, waliobaki walinilipa pweza.